Anayesaidia wenzake kambini naye anahitaji kutunzwa

Asubuhi katika kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, si kila mkimbizi ana mahali pa kwenda. Shamba lilibaki Burundi au Congo, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka aishi katika eneo lililotengwa. Aliyekuwa mwalimu, fundi au mkulima hujikuta akisubiri mgawo wa chakula. Kukaa bure hurudisha mawazo ya yaliyompata, na usingizi hupotea.

Wapo wanaoamka wakiwa na kazi. Ni wakimbizi wanaojitolea kama wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wengine kwa posho ndogo. Hupita nyumba kwa nyumba kukumbusha matumizi ya chandarua na kunawa mikono, na humwambia mama mwenye mtoto anayechemka homa asisubiri kesho.

Faida haimwendei mgonjwa peke yake. Anayejitolea hupata ratiba, wenzake wa kuzungumza nao, na heshima ya kutegemewa. Nyarugusu ilianza mwaka 1996, hivyo wapo watoto waliozaliwa na kukulia humo. Mtoto anayeona majirani wakija kumuuliza mama yake ushauri hajifunzi kwamba mkimbizi ni mtu wa kupokea tu.

Hata hivyo, anayesikiliza habari za vifo na ukatili kutwa nzima, ilhali naye aliyapitia hayo hayo, hurudi nyumbani na mizigo miwili. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2007 kuhusu afya ya akili wakati wa dharura unataka jamii yenyewe ishiriki kutoa msaada, na pia unataka wanaojitolea watunzwe.

Familia ndiyo ya kwanza kuona dalili: kukosa usingizi, hasira za ghafla kwa watoto, kujitenga, au pombe kuzidi. Hali hiyo ikiendelea kwa wiki mbili, aende kituo cha afya. Akisema anatamani kufa, apelekwe siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake.

Mzazi anayejitolea, awe kambini, kijijini au ughaibuni, apange siku ya kupumzika, apunguziwe kazi za nyumbani, na ya wagonjwa ayaongee na wenzake wa kazi, si na watoto. Anayewasikiliza majirani kutwa asifike nyumbani akiwa hana tena sikio la mwanawe.