Si kila alama ya chunusi ni kovu

Hapa Lembeni, kijana akitoka chunusi hakosi washauri. Wana nia njema, lakini baadhi ya ushauri wao ndio unaoharibu nyuso.

"Ukishapata makovu, basi tena." Kwanza tuhakikishe kama ni kovu. Simama dirishani asubuhi, mwanga ukupige ubavuni, upitishe kidole shavuni. Pakiwa laini ila peusi, hilo ni doa: ngozi yetu ikivimba huacha weusi, nao hufifia wenyewe kwa miezi, pengine mwaka na zaidi, mradi chunusi mpya zizuiwe. Kidole kikizama, hilo ni shimo, kovu la kweli. Pakiinuka, pakawa pagumu na kuwasha, hasa tayani, kifuani au mabegani, huenda ni keloidi.

"Paka limau." Kwa jua la tambarare hii chini ya Milima ya Upare? Maji ya limau yakipigwa na jua yanaweza kuunguza ngozi na kuacha weusi zaidi ya ule wa awali. Afadhali kofia pana na krimu ya kukinga jua.

"Mkorogo unatakatisha." Hili ndilo linaloniuma zaidi. Mara nyingi ndani yake mna steroidi kali, zebaki au haidrokwinoni, vitu ambavyo Tanzania imevipiga marufuku kwenye vipodozi. Wiki za kwanza uso hulainika kweli, ndiyo maana muuzaji huaminiwa. Baadaye ngozi hukonda, vimishipa hujitokeza, chunusi hurudi kwa wingi. Anayeupaka akiacha, uso huwaka moto. Basi anarudia kupaka, akidhani kopo ndilo lililokuwa likimponya.

"Akioa zitaisha." Ndoa haitibu chunusi, na kungoja ndiko kunakochimba mashimo, kwa kuwa uvimbe wa ndani hula ngozi. Dawa za kupaka, benzoili peroksaidi au adapalini (hii haimfai mjamzito), huhitaji wiki 8 hadi 12, bila kutumbua.

Na krimu ya kufuta mashimo? Hakuna krimu inayojaza shimo refu. Daktari wa ngozi hukata nyuzi zinazolivuta chini, au hutoboatoboa ngozi kwa sindano ndogo sana ili ijijenge upya. Keloidi huchomwa sindano ya triamsinoloni. Shimo hupungua, halifutiki lote.

Hospitali ya KCMC, Moshi, ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992. Panda basi mapema, chunusi zikiwa bado zinauma, na ubebe makopo yote uliyowahi kupaka, hata la mkorogo, daktari ayaone.