Jenereta ya Zahanati Ikichemsha, Tusiishie Kusema "Ni ya Mtumba"

Ndugu mkazi wa kambi,

Jenereta ya zahanati ikizimika kwa joto, utasikia watu wakisema: "Si walituletea ya mtumba?" Maoni yetu ni kwamba maneno hayo hayatusaidii. Jenereta iliyokarabatiwa vizuri inaweza kufanya kazi miaka mingi. Kabla ya kulaumu umri wake, tuangalie mambo matatu.

Hewa. Feni hupitisha hewa kwenye rejeta ili maji ya injini yapoe. Vumbi likiziba rejeta, mkanda wa feni ukilegea, au wewe ukianika nguo na kupanga kuni mbele yake, joto halina pa kutokea.

Maji. Maji ya kisima au ya mto huacha chokaa na matope ndani ya rejeta. Fundi atumie maji safi yenye dawa ya rejeta. Nawe usifungue kamwe mfuniko wa rejeta ya moto: maji huruka na kukuunguza vibaya.

Mzigo. Kila waya unaovutwa kwa siri kwenda kuchaji simu, kupiga pasi au kunyolea watu unaongeza kazi ya injini. Nao waya uliofungwa ovyo hupata moto na unaweza kuchoma nyumba yako.

Wapo wanaomshauri fundi aondoe swichi inayozima injini joto likizidi, ili umeme usikatike. Hatukubaliani nao. Swichi hiyo inailinda injini. Ukiiondoa, leo utapata taa, kesho injini itakwama, na kuitengeneza upya si kazi ya siku moja.

Fikiri ni nani atakayeumia. Chanjo nyingi za watoto wetu lazima zikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Mashine ya oksijeni haifanyi kazi bila umeme. Mama anayejifungua usiku anahitaji mkunga anayeona vizuri.

Sisi wa huduma za afya tuna wajibu wetu: fundi asafishe rejeta, apime mzigo na aandike kipimo cha joto kwenye daftari kila siku. Una haki ya kutuuliza kama kazi hiyo imefanyika. Wajibu wako ni kuacha nafasi wazi kuzunguka jenereta, kutovuta waya, na kutoa taarifa mapema ukiona moshi mwingi au maji yanavuja.

Tuitunze, nayo itatutunza.