Dakika ya Kwanza ya Mtoto

Mama wa Tanzania ameitika wito. Miaka mingi tulimhimiza asijifungulie nyumbani, aende kituoni, naye amekwenda. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulionyesha kuwa uzazi 81 katika kila 100 hufanyika kwenye vituo vya afya. Vifo vya akina mama, vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015–16, vilishuka hadi 104 katika ule wa 2022. Tumshukuru Mungu, na tuwashukuru wakunga wetu.

Mtoto je? Katika kipindi hichohicho, vifo vya watoto walio chini ya mwezi mmoja vilitoka 25 kwa kila vizazi hai 1,000 vikafika 24. Basi! Mama anaokolewa, anarudi nyumbani mikono mitupu.

Watoto hawa hawafi kwa ugonjwa wa ajabu. Wengi ni njiti, wengine hupata maambukizi, wengine hukosa hewa wanapozaliwa. Mtoto asiyelia akaushwe, asuguliwe mgongo. Asipopumua, asukumiwe hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika ya kwanza haijaisha. Kazi hiyo haitaki mashine ya mamilioni. Inataka mikono iliyozoea, na mikono haizoei kwa semina moja iliyofanyika hotelini miaka mitatu nyuma.

Dawa tunayo hapahapa nchini. Katika mpango wa Safer Births, uliochipuka kutokana na kazi ya Hospitali ya Haydom, wakunga wa vituo 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara kwa mwanasesere, palepale kazini. Matokeo yaliyochapishwa 2025 yalionyesha vifo vya akina mama na vya watoto vikipungua.

Mtaniambia wakunga ni wachache. Ni kweli, na serikali iwaajiri wengine. Lakini anayekesha peke yake na wazazi watano leba hana wa kumwuliza; huyo ndiye anayehitaji mazoezi kuliko wote.

Waheshimiwa madiwani, nanyi wajumbe wa bodi za hospitali, msiridhike na picha za wodi mpya ya wazazi. Ulizeni zoezi la mwisho lilifanyika lini, barakoa za kumtosha mtoto njiti ziko ngapi, na akina mama wanaowabeba njiti kifuani wana vitanda au wanakaa kwenye mabenchi. Ulizeni vifo vya mwezi uliopita vilijadiliwa na nani, na nini kimebadilika tangu hapo. Robo ijayo, ulizeni tena.