Sehemu ya 14: Usiku unammulika mtoto kwa tochi gani?

Mama zangu, na akina baba mnaosoma kimya kimya bila kukomenti, nawaona.

Leo naongelea tochi. Najua kuna watakaosema nesi kaishiwa mada. Nisomeni kwanza.

Juzi nilikuwa sokoni hapa Mtwara mjini natafuta tochi ya nyumbani. Mbele yangu alikuwepo dada na kichanga mgongoni, muuzaji anamwashia tochi mbili achague. Moja mwanga wake mweupe pee, unaelekea bluu. Ya pili njano njano hivi, kama jua la saa kumi na mbili jioni. Yule dada hata bei hakuuliza. "Nipe hiyo nyeupe, hiyo nyingine kama koroboi bwana."

Tukacheka wote. Na namwelewa. Sisi tuliokulia vijijini, mimi kwa bibi yangu kule Kilambo karibu na Ruvuma, tunajua kuamka asubuhi puani masizi matupu. Mwanga wa njano kwetu ni mwanga wa shida. Ndiyo maana msimu wa korosho ukifika na hela zikaingia, mtu anafunga sola na balbu nyeupe inayowaka mpaka uani, majirani waone. Mwanga mweupe ni maendeleo.

Sasa mimi nasema, kwa chumba cha mzazi, tumekosea kidogo. Na mimi mwenyewe nilishakosea zaidi yenu, nitawaambia.

Nianze na ninachokipenda. Usiku wa kunyonyesha napenda mwanga wa njano, hafifu, umewekwa chini ukutani, usimpige mtoto machoni. Mwanga mkali wenye bluu nyingi unauambia ubongo kwamba kumekucha. Mtoto hajali sana, yeye bado hajui usiku wala mchana. Anayeumia ni wewe mama: unawasha tochi ya simu saa nane, unanyonyesha dakika ishirini, halafu unakodoa macho mpaka saa kumi. Ukiweka mwanga wa njano unanyonyesha na usingizi wako uko palepale. Na wadudu wa usiku hawaukimbilii sana kama ule mweupe, mtaona wenyewe.

Basi nilikuwa na tochi yangu ya njano naipenda hiyo, naibeba hata kazini. Miaka kadhaa nyuma, kituo nilichokuwa nafanya kazi sikitaji, umeme umekatika usiku, kuna mama wa siku ya tatu na mtoto wake wa kiume. Mama ananiambia, "Nesi, mbona huyu mwanangu kama amebadilika rangi?" Nikatoa tochi yangu, nikamulika uso, nikamulika kifua, nikambonyeza ngozi kidogo. Nikaona mtoto mzuri tu. Nikamwambia lala mama, yuko sawa. Nikaandika kabisa kwenye faili.

Asubuhi nimefungua pazia, jua la Mtwara hilo mnalijua, limeingia moja kwa moja kitandani. Yule mtoto alikuwa njano kuanzia usoni mpaka mapajani. Macho njano. Sikuamini ni mtoto yuleyule. Alipimwa damu, akawekwa kwenye taa, akapona, na nashukuru sana. Lakini mama yake aliona kabla yangu, na mimi ndiye niliyemnyamazisha. Hilo halijanitoka.

Ilikuwaje? Siyo kwamba tochi ilikuwa dhaifu, iliwaka vizuri tu. Kitu cha njano kinaonekana njano kwa sababu kinameza mwanga wa bluu na kurudisha uliobaki. Sasa kama tochi yako tangu mwanzo ina bluu kidogo sana, kama koroboi, mshumaa au ile tochi yangu, hakuna cha kumeza. Cheupe na cha njano vinafanana. Jaribu leo usiku: weka nepi nyeupe na kitambaa cha njano mpauko, washa mshumaa, uniambie.

Mtasema basi yule dada wa sokoni alikuwa sahihi, nyeupe ndiyo yenyewe. Hapana, subirini. Hizi taa nyeupe za LED kwa ndani ni taa ya bluu iliyopakwa unga wa njano juu yake ili macho yetu yaone weupe. Za bei rahisi zinatoa bluu nyingi na nyekundu kidogo mno, nyingine zina ukijani kwa mbali. Ukimmulika mtoto mwenye afya, midomo inakuwa kama zambarau, ngozi kama ya majivu. Nimeshampokea mama aliyetoka Msimbati usiku kwa bodaboda, barabara ile, anatetemeka, mtoto amekuwa bluu. Tumemwangalia kwenye taa nzuri, tumempima oksijeni, mtoto mzima kabisa, ananyonya. Ilikuwa tochi ya simu. Sikumgombeza, na wewe usiogope kugombezwa. Midomo na ulimi vikionekana bluu unakuja, hesabu za tochi tutazifanya wenyewe.

Kuna vipimo viwili hapa ambavyo wauzaji wetu wanavichanganya. Kimoja ni rangi ya mwanga wenyewe, kwenye boksi la balbu utaona 2700K au 3000K ni ya njano, 6500K ni ile nyeupe ya bluu, 4000K iko katikati. Cha pili ni uaminifu wa mwanga, yaani unazionesha rangi za vitu jinsi zilivyo au unazipotosha. Hicho kinaandikwa Ra au CRI, jua ni 100, na balbu ya 90 kwenda juu ni nzuri kwa kuangalia ngozi. Tochi nyingi za sokoni haziandiki chochote. Kwa hiyo mimi napima kwa kiganja changu. Namulika kiganja na kucha: kikionekana na damu yake, uwekundu wake ule, nanunua. Kikionekana kama cha maiti, naacha. Msimu wa mabibo ni rahisi zaidi, unabeba bibo jekundu na la njano. Tochi mbovu itakuonesha bibo jekundu limekuwa la kahawia. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae.

Lakini kwa kutafuta manjano kwa mtoto, hata tochi nzuri siiamini tena. Naamini dirisha. Mama, kila asubuhi kwa wiki ile ya kwanza, msogeze mtoto mlangoni au dirishani, siyo juani, kwenye mwanga tu. Mbonyeze kwa kidole taratibu kwenye paji la uso na kifuani, ukiachia angalia rangi inayobaki kabla damu haijarudi. Watoto wetu ni weusi, ngozi inaficha, kwa hiyo angalia weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Watoto wengi wanapata manjano kidogo kuanzia siku ya pili au ya tatu na yanaisha yenyewe. Ila yakianza ndani ya saa 24 za kwanza, au yakifika viganjani na kwenye nyayo, au mtoto analala tu hanyonyi, au analia sauti kali huku anajipinda mgongo, hiyo siyo ya kusubiri kesho. Manjano yakizidi yanaingia kwenye ubongo, na mtoto anaweza kubaki kiziwi au mwenye mtindio wa ubongo. Na haya siyo homa ya manjano, ile ya chanjo na mbu, majina tu yanafanana.

Halafu kuna suala la kuwaanika watoto jua la asubuhi. Najua bibi amesema, na hata manesi wenzangu wengine wanasema. Asili yake siyo uongo. Mwaka 1956 kule Uingereza, hospitali ya Rochford, nesi aitwaye Jean Ward alikuwa akiwatoa vichanga nje kupata jua. Siku moja akawaonesha madaktari mtoto ambaye sehemu iliyopata jua ilikuwa imepungua manjano, na iliyofunikwa na shuka bado njano. Nesi, siyo daktari, niruhusuni nijivune kidogo. Madaktari wakafuatilia, na mwaka 1958 wakachapisha utafiti wa kutibu kwa taa. Wakaenda kwenye taa kwa sababu jua halipimiki: leo wingu, kesho linaunguza, na mtoto ukimvua nguo anapata baridi. Kwa hiyo usikae nyumbani siku tatu unaanika mtoto huku manjano yanapanda.

Na ile taa yenyewe ni ya bluu. Hapa ndipo wengi mnapokataa, mnasema mtoto wangu anachomwa, anapigwa eksirei. Siyo eksirei wala siyo moto. Ni ile ile habari ya kumeza: manjano yaliyo kwenye ngozi yanameza mwanga wa bluu, yanabadilika umbo, mwili unaweza kuyatoa kwa choo na mkojo. Bluu ile ile iliyokosekana kwenye tochi yangu. Tunamfunika macho tu, na wewe unaendelea kunyonyesha, tena mara nyingi. Ukiona nesi anazima taa ndipo amwangalie mtoto, hajakosea. Chini ya bluu ile huwezi kujua mtoto ana rangi gani.

Mnaohifadhi nguo za mtoto na vile vidonge vyeupe vya kabatini vyenye harufu kali, naftalini, viondoeni. Kuna watoto ambao damu yao haivihimili, chembe zinavunjika na manjano yanapanda ghafla.

Siku ile sokoni nilimfuata yule dada nikamwomba nimwone mtoto wake pale pale, mchana kweupe. Wiki mbili na ushee, macho meupe safi. Akaniuliza kama arudishe tochi. Nikamwambia abaki nayo, ya kwendea chooni inafaa. Mimi nikanunua ile ya njano.

Sehemu ya 15 ni kitovu. Maswali ya wiki hii wekeni hapa chini, nikitoka zamu nitayajibu.