Tupime Kasi ya Seva Kabla ya Kuilipia

Sisi wakazi wa Liwatoni tunaijua vyema tofauti ya upana wa njia na mwendo wa watu. Daraja la miguu lililoelea majini kati ya mtaa huu na Ras Bofu, lililofunguliwa kwa umma mwanzoni mwa 2021, lilipoachanishwa katikati kupisha meli, hakuna aliyeweza kuvuka. Upana wake haukupungua hata shubiri. Mwendo ndio uliokoma.

Nililikumbuka daraja hilo baada ya mimi na walimu wenzangu kukodisha nafasi kwenye seva kwa ajili ya tovuti ya shule. Tangazo lilinadi megabiti 100 kwa sekunde, nasi tukatia sahihi. Usiku wa kuamkia mtihani wa majaribio, tovuti haikufunguka. Tulipolalamika, tuliambiwa kwamba mgao wetu wa mwezi, gigabaiti 100, ulikuwa umekwisha. Waliopata hasara ni wanafunzi.

Kosa lilikuwa letu pia, maana hesabu yenyewe ni ya darasani. Baiti 1 ni biti 8. Hivyo megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 12.5 tu. Kwa kasi hiyo, gigabaiti 100 humalizika kwa muda wa saa 2 na dakika 13. Ukiugawa mgao huo kwa sekunde zote za siku 30, unabakiwa na wastani wa megabiti 0.3 kwa sekunde. Somo moja la video lenye megabaiti 100, likipakuliwa mara 1,000, linatosha kuumaliza mgao wote.

Isitoshe, kasi inayotangazwa aghalabu ni ya mlango wa seva, na mlango huo hutumiwa na wateja wengi. Wauzaji hujitetea kwamba si wote wanaopita kwa wakati mmoja, na kwamba ndiyo sababu bei huwa nafuu. Hoja hiyo ina ukweli. Lakini wanafunzi hupita kwa wakati mmoja: jioni, na hasa mkesha wa mtihani.

Wapo watakaosema kwamba tangu mkongo wa TEAMS ufike Mombasa mwaka wa 2009, tatizo la kasi limekwisha. Sikubaliani nao. Mkongo ulipanua barabara kuu ya baharini; haukuondoa mgao ulioandikwa katika mkataba, wala haukuiondoa safari ya data iliyohifadhiwa kwenye seva ya Ulaya au Marekani.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu wadai majibu ya maandishi kabla ya kulipa. Mgao wa mwezi ni kiasi gani? Ukimalizika, tovuti hufungwa, hupunguzwa kasi, au shule hutozwa zaidi? Ni kasi gani ya chini inayodhaminiwa? Seva iko nchi gani? Kisha wajaribu wenyewe saa mbili usiku, kwa simu kama zile walizo nazo wanafunzi, si adhuhuri kwenye kompyuta ya muuzaji.

Nanyi wanafunzi, ifanyeni kazi hii iwe zoezi la hisabati. Pakueni faili lenye ukubwa unaojulikana, hesabuni sekunde, mkaandike matokeo kila siku. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Karo ya wazazi ni mali, na usiku wa mwanafunzi kabla ya mtihani ni mali kubwa zaidi.