Meli ipewe saa yake, mushahara usiguswe

Watu wengi hapa Lubumbashi wanazani mambo ya meli ni ya watu wa Dar es Salaam tu. Sisi wa sendika tunasema: hapana. Mukuba wetu ukitoka Kolwezi ao Likasi, unapita Kasumbalesa, unakatisha Zambia, unashuka mpaka baharini. Toka Kasumbalesa ni karibu kilometa 2.000. Meli zikipanga mustari kule, mustari unarudi mpaka huku kwetu.

Kuna kanuni ya zamani ya bandari: mwenye kufika kwanza anahudumiwa kwanza. Njo maana kapiteni anakimbiza meli, anachoma mazuti mingi, kisha anatupa nanga inje na kungoja. Leo meli zinafika kwa pamoja, kesho gati iko wazi. Makontenere yanajaa, makamyo yanakosa fasi ya kushusha, bashofere wanalala mu kabini. Na huku depo ya mine ikijaa, patron anasema: "Mali haitoki, primi hakuna." Mtu wa kandarasi ndiye wa kwanza kurudishwa nyumbani.

Dawa iko: randevu. Meli ipewe siku na saa ya gati mbele ya kufika. Kama gati haiko tayari, iambiwe mapema ipunguze mbio. Ikipunguza sehemu moja ya kumi, mazuti ya kila saa inashuka karibu robo. Tangu 2020 kuna kitabu cha mwongozo juu ya kazi hii, chenye OMI, shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya bahari, ilishiriki kutoa. Si ndoto yetu.

Watatujibu: bandari ni ya Tanzania, Kongo inaingilia nini? Lakini mizigo ya Kongo na ya Zambia ndiyo mingi kati ya ile inayopita pale kwenda inchi zingine. Muteja ana haki ya kuuliza.

Tena randevu ya meli peke haitoshi. Kamyo ikikwama Kasumbalesa, meli itafika saa yake na mali haiko. Kalendari iwe moja: bandari, duwane, mine.

Tunaomba mambo mawili. Serikali yetu iombe hiyo kalendari na kuitangaza mpakani. Na makampuni yaionyeshe kwa badelege ba batumishi, kila mwezi. Mutumishi amekwisha kutoa tani zake. Meli ikichelewa, deni si lake.