Fataki na Lugha ya Tahadhari

Wahenga walinena kwamba mchezea wembe humkata. Lau wangaliishi hadi kuishuhudia mikesha ya Mwaka Mpya na Diwali katika miji ya Kenya, huenda wangaliongeza kwamba mchezea baruti humwunguza. Hapana shaka fataki huipamba sherehe. Hata hivyo, ni dhahiri kwamba wengi wanaozinunua hawajui wameshika nini mkononi.

Neno lenyewe lina siri. Katika kamusi za kale, fataki ni kile kidude kidogo cha baruti kilichowasha risasi ya bunduki. Kabla ya kuwa pambo, fataki ilikuwa kiungo cha silaha. Sheria nayo haijaisahau asili hiyo. Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115 ya Sheria za Kenya, huziweka fataki katika jamii moja na baruti za machimboni, na anayetaka kuzirusha hadharani hutakiwa kuwa na kibali.

Ukali huo una sababu. Hata kile kijiti cha kumetameta apewacho mtoto huwaka kwa joto linaloweza kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi, ilhali maji huchemka kwa nyuzi 100. Fauka ya hayo, madhara hayaishii kwenye moto. Jijini Kampala, usiku wa kuukaribisha mwaka wa 2023, watu wasiopungua 9, wengi wao watoto na vijana, walifariki kwa kukanyagana katika ujia mwembamba wakikimbilia kutazama fataki. Mshindo nao una hatari yake. Mnamo Aprili 2015, siku chache baada ya shambulio la Garissa lililoua watu 148, mlipuko wa umeme katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi uliwafanya wanafunzi kujirusha kutoka madirishani. Mmoja alifariki na zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Mlipuko huo haukuwa wa fataki, lakini ulidhihirisha kwamba kwa taifa lililoonja ugaidi, mshindo wa ghafla usiku si mzaha.

Wapo wanaoshikilia kwamba dawa ni kuzipiga fataki marufuku kabisa. Rai hiyo ina uzito, ila marufuku isiyoeleweka huzaa biashara ya magendo. Kanuni za Uingereza za mwaka 2004 zilichagua njia nyingine: fataki zisirushwe kati ya saa tano usiku na saa moja asubuhi, isipokuwa katika sikukuu chache zikiwamo Diwali na Mwaka Mpya, mshindo usizidi desibeli 120, na aliye chini ya miaka 18 asiwe nazo hadharani. Mwananchi wa kawaida huweza kuyakariri masharti hayo.

Hapo ndipo penye kasoro nchini Kenya. Sheria imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na maelezo ya kasha mara nyingi huwa ya Kiingereza au Kichina. Kutoijua sheria si kinga mahakamani. Je, ni haki kumwadhibu mtu kwa sheria ambayo haikuwahi kusemezana naye? Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na Ibara ya 46 inampa mtumiaji haki ya kupata habari kuhusu bidhaa na kulindwa afya na usalama wake.

Basi kila kasha na liwe na maonyo ya Kiswahili: weka fataki mbali na nyumba, usimpe mtoto kuiwasha, ikikataa kulipuka, usiirudie, imwagie maji. Kazi hiyo haihitaji mabilioni ya shilingi. Inahitaji serikali yenye nia, na wataalamu wa Kiswahili watakaotoka kwenye kuta za vyuo wakaitafsiri sheria iwe lugha ya sokoni. Tahadhari huja kabla ya hatari, lakini tahadhari isiyoeleweka ni sawa na kimya.